Gitaa Lililovuka Namanga: Wilson Peter Kinyonga na Kumbukumbu Ambayo Arusha Haijaitunza

Katika historia rasmi, Arusha ni mji wa nyaraka. Azimio lililotangazwa Februari 5, 1967 lilibeba jina lake na kulifikisha katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Desemba 1 mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi, makao yake makuu yakiwa hapa chini ya Mlima Meru. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini hapa Agosti 1993, na ule wa Burundi Agosti 2000. Mwanafunzi wa siasa za eneo letu anaweza kufika mwisho wa shahada yake akiwa amelitaja jina la Arusha mara mia moja, na kila mara akiwa anazungumzia karatasi yenye sahihi za wakubwa.

Lakini mwaka 1970, yaani miaka mitatu tu baada ya Azimio, lilitokea hapa jambo ambalo halikuhitaji sahihi ya mkubwa yeyote. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walihamia Arusha na kuungana na ndugu yao William katika bendi iliyoitwa Arusha Jazz. Hawakukaa sana. Mwaka 1971 walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kuingia Kenya, na huko wakaanzisha Simba Wanyika, bendi ambayo kwa zaidi ya miongo miwili ilikuwa mojawapo ya sauti kubwa za rumba ya Kiswahili. Wilson alipiga gitaa la solo na kuimba. George alipiga gitaa la rizimu na kuimba.

Makala hii inamhusu Wilson na namna yake ya kupiga gitaa, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora za sanaa zilizotolewa na Watanzania katika karne ya 20. Inahusu pia swali ambalo mtumishi wa umma, mwanaharakati na mwanafunzi wanapaswa kulibeba pamoja: ilikuwaje nchi iliyotangaza kuwa utamaduni ni roho ya taifa ikamlea mpigaji wa kiwango hiki, kisha ikamwacha atafute chombo cha kumhifadhi upande wa pili wa Namanga?

Kutoka mji wa mkonge

Wilson hakuanzia Arusha, na hatuwezi kuielewa solo yake bila kuanza na Tanga. Tanga ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa mji wa mkonge. Mashamba yake yalivuta vibarua kutoka pembe nyingi za Tanganyika, na bandari yake ilileta watu na bidhaa kutoka ng'ambo. Mtu wa bara alikutana na mtu wa pwani, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Bendi za dansi zilikuwa zao la mkutano huo. Jamhuri Jazz, ambayo ndugu wa Kinyonga walijiunga nayo mwaka 1966, ilikuwa hapo awali ikiitwa Young Nyamwezi. Jina hilo la zamani linatosha kutuonyesha safari ya vibarua iliyoizaa: watu wa Unyamwezi wakipiga dansi katika mji wa Pwani. Katika mji huohuo ilikuwapo Atomic Jazz, na ushindani wa bendi hizi mbili uliwalazimisha wapigaji kunoa makali yao.

Kilichokuwa kikisikika redioni wakati huo ni rumba ya Kongo. Grand Kallé na African Jazz walikuwa wamekwisha kuipa Afrika wimbo wa uhuru mwaka 1960. Franco na OK Jazz walikuwa wakijenga himaya yao. Mpigaji mmoja aliwafanya vijana wa Afrika Mashariki wayaangalie magitaa yao upya: Nico Kasanda, aliyejulikana kama Docteur Nico. Nico alisifika kwa kuleta ndani ya rumba ule mlio wa gitaa la Hawaii, ambao noti haikatiki bali huteleza kwenda kwa jirani yake kama sauti ya mtu anayelia au kucheka. Na nyuma ya Nico alikuwapo kaka yake, Charles Mwamba aliyeitwa Dechaud, akishika rizimu.

Ndugu wawili, mmoja solo na mwingine rizimu. Mpangilio huo ndio tunaoukuta kwa Wilson na George. Sitaki kudai kwamba waliuiga. Ninachosema ni kwamba masikio ya kizazi chao yalikuwa yamekwisha kufundishwa kwamba magitaa mawili yanaweza kuzungumza kama watu waliokua nyumba moja.

Namna gitaa lilivyosema

Sifa ya kwanza ya solo ya Wilson ni usafi wa mlio. Hakulifanya gitaa liungurume wala kulifunika kwa mwangwi mzito. Kila noti inasikika ikianza na inasikika ikiisha. Hapo ndipo anapoachana na mtelezo wa Nico. Mwenye kutelezesha noti ana mahali pa kujificha, kwa kuwa kosa dogo humezwa na mteremko. Mwenye kuzipiga moja moja, kwa mlio mweupe, hana pa kujificha hata kidogo. Wilson alichagua njia hiyo ngumu na kuifanya ionekane rahisi.

Sifa ya pili ni ufupi. Wapo wapigaji wa solo ambao hungoja nafasi yao kama mhutubiaji anavyongoja kipaza sauti, na wakishakipata hawakiachi. Wilson huanza na kifungu kifupi cha noti chache. Hukirudia. Akikirudia mara ya tatu hubadilisha noti moja mwishoni, na badiliko hilo dogo linatosha kumfanya msikilizaji ainue kichwa. Ni mbinu ya msimuliaji wa hadithi anayejua kwamba hadhira hufurahia kile inachokitambua, mradi kila mara kitu kidogo kisogezwe. Anayetaka kuithibitisha hoja hii azisikilize nyimbo kama «Haleluya» au «Pepea», safari hii akiyaacha maneno kando na kulifuata gitaa peke yake.

Sifa ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kusikiliza. Katika muziki wa Simba Wanyika gitaa la solo haliko juu ya wengine. Rizimu inafuma msingi mwepesi usiokatika. Besi inatembea na kuacha matundu, yaani inanyamaza mahali ambapo besi nyingine zingejaza. Ngoma zinashika mwendo bila kuusukuma. Sauti za ndugu wawili zinaimba zikiwa zimekaribiana sana, na solo huingia pale ambapo mwimbaji amevuta pumzi. Huingia kujibu, kisha huondoka. Hata inapofika sehemu ya ala, ambapo bendi za Kongo zilizoea kupandisha moto ghafla, Simba Wanyika hubaki na utulivu. Mchezaji hahimizwi, anakaribishwa.

Mlinganisho na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz unasaidia hapa, kwa kuwa huyo ndiye mpiga solo ambaye Watanzania wengi humtaja kwanza. Gitaa la Mbaraka lina nguvu ya mtu anayeingia chumbani na mazungumzo yakasimama. Huamuru, huchokoza, hujitapa. Gitaa la Wilson ni la mtu ambaye yumo chumbani tangu mwanzo, na hutambui kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyaongoza mazungumzo mpaka anapotoka. Sina haja ya kuwashindanisha, kwani taifa lililojaliwa kuwa na wote wawili halikupungukiwa kitu. Lakini tumezoea kumkumbuka anayeamuru na kumsahau anayesikiliza, na mazoea hayo hayaishii katika muziki.

Kwa nini waliondoka

Ni rahisi kusema kwamba walifuata fedha Nairobi. Jibu hilo lina ukweli, lakini linaficha muundo wa mambo.

Mwishoni mwa mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alieleza waziwazi kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Maneno hayo hayakubaki hewani. Dola na mashirika yake ziligeuka kuwa walezi wa bendi. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na kiwanda cha nguo cha Urafiki vilikuwa na bendi. Mwanamuziki alipata ajira, mshahara na vyombo, jambo ambalo wanamuziki wengi barani hawakulipata. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa hadi Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia. Mfumo huu ulikuwa na heshima yake, na wanaoudharau leo mara nyingi hawajui kilichokuja baada yake.

Hata hivyo mfumo huo ulikuwa na pengo moja kubwa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi na kuzirusha hewani, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Wimbo uliorekodiwa Dar es Salaam ulikuwa mali ya hewa. Ulisikika, ukapendwa, kisha ukarudi kwenye kanda katika maktaba ya redio. Nairobi ilikuwa na studio za kibiashara, viwanda vya santuri na matawi ya kampuni za kimataifa. Ndiyo maana hata bendi zilizobaki nyumbani zilisafiri kwenda Nairobi kurekodi na kurudi.

Ndugu wa Kinyonga hawakuwa watumishi wa shirika lolote la umma. Walikuwa wasanii wa kujitegemea katika nchi ambayo ilikuwa imetangaza siasa ya kujitegemea bila kujiandaa kwa msanii wa namna hiyo. Arusha iliwapa mahali pa kukutana ndugu watatu, jina la bendi na jukwaa. Haikuwa na uwezo wa kuwapa santuri. Namanga iko kilomita 110 hivi kutoka mjini, na Nairobi iko mbele yake. Ukiitazama ramani, kuondoka kwao kulikuwa karibu kulazimishwa na barabara yenyewe.

Mbaraka naye alifia Kenya, katika ajali ya gari mjini Mombasa, Januari 12, 1979. Wapiga solo wakubwa wawili wa Tanzania, wenye mitindo inayopingana, wote maisha yao yakawapeleka upande uleule. Mambo yanapojirudia hivyo, mwanahistoria haruhusiwi kuridhika na neno bahati.

Mpaka uliofungwa

Jina la bendi linastahili kusomwa kwa makini. «Simba Wanyika» ni simba wa nyika, kihusishi kikiwa kimeunganishwa na nomino. Katika historia ya Pwani neno hilo halikuwa la heshima. Watu wa miji ya Pwani waliwaita majirani zao wa bara «Wanyika», na ndani ya jina hilo kulikuwa na dharau ya mwenye mji kwa mtu wa pori. Vijana waliotoka Tanga, wakapitia Arusha na kuingia Kenya walilichukua neno hilo, wakaliwekea simba mbele, na likawa jina ambalo wengine walililia. Mwaka 1978 mpiga rizimu Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, aliondoka pamoja na wenzake kuanzisha Les Wanyika, bendi ya Watanzania na Wakenya iliyotupa «Sina Makosa». Baadaye Issa Juma alikuwa na Super Wanyika. Neno la kejeli likawa ukoo.

Mgawanyiko huo unatufundisha jambo kuhusu mtindo wenyewe. Kwa kawaida bendi ikigawanyika, upande mmoja hufa. Hapa solo ya Wilson ilibaki Simba Wanyika, rizimu ya Shabani ikaenda Les Wanyika, na pande zote mbili zikanawiri. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kimejengwa kilizidi kipaji cha mtu mmoja. Kilikuwa sarufi, na aliyejifunza sarufi huweza kutunga sentensi zake mwenyewe popote aendapo.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983, nchi tatu zilipokubaliana, hapahapa Arusha, namna ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Ndege, mabehewa na majengo yalihesabiwa na kupatanishwa kwa miaka mingi. Katika miaka hiyohiyo, kundi la Watanzania na Wakenya lilikuwa likipiga Nairobi muziki wa Kiswahili uliosikika pande zote mbili, kwa kuwa mawimbi ya redio hayasimami forodhani kukaguliwa. Wakati serikali zilipokuwa zikigawana Jumuiya, wanamuziki walikuwa wakiiendesha.

Sisemi hivi ili kuwafanya wanamuziki watakatifu. Waligombana, waligawanyika, walidaiana, na wengi hawakunufaika kama walivyostahili. Nasema hivi kwa sababu mtafiti anayetaka kujua kama Jumuiya ya kwanza iliacha chochote hai, asitafute katika ripoti za wagawaji mali peke yake. Aisikilize pia solo ya Wilson Kinyonga.

Deni letu

George alifariki mwaka 1992, mwaka uleule albamu ya «Pepea» ilipowafikisha kwa wasikilizaji wa Ulaya. Wilson alifariki mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Jumuiya mpya ilizaliwa upya kwa mkataba uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999 na kuanza kutumika Julai 7, 2000. Wilson hakuiona.

Tangu hapo tumekuwa tukibishana kama Simba Wanyika ni ya Kenya au ya Tanzania. Ni ubishi wa watu wanaogombea sifa pasipo kugombea wajibu. Wajibu huo, kwa maoni yangu, uko katika mambo matatu.

La kwanza ni haki ya mtunzi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kanuni hiyo, nyimbo alizotunga Wilson zinalindwa hadi mwaka 2045. Kila zinapopigwa katika baa ya Arusha, basi la mikoani au kituo cha redio, kuna haki ya warithi inayoamka. Nyimbo hizi zilitungwa na Watanzania, zikarekodiwa Kenya na zinapigwa kote. Ni kipimo kizuri cha kama Soko la Pamoja, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010, linamtambua mtunzi au linatambua magunia ya mahindi tu. Watumishi wa ofisi za hakimiliki za nchi hizi mbili wanaosoma hapa wanajua vizuri kuliko mimi ugumu uko wapi. Waueleze hadharani.

La pili ni kumbukumbu. Mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu, kwa maombi ya nchi zote mbili za Kongo. Nchi mbili zenye mji mkuu kila upande wa mto mmoja ziliweza kukaa na kuandika ombi moja. Rumba ya Kiswahili ya Tanga, Arusha, Mombasa na Nairobi haina ombi kama hilo mikononi mwa Jumuiya ambayo makao yake yako umbali mfupi kutoka pale Arusha Jazz ilipopigia. Katika Lakilaki, nje kidogo ya jiji, limejengwa jengo maalumu la kuhifadhi nyaraka za mahakama ya Rwanda, lenye ulinzi na hali ya hewa inayodhibitiwa, na ni haki kabisa kwamba nyaraka hizo zitunzwe hivyo. Basi tusiambiwe kwamba Arusha haiwezi kutunza kumbukumbu. Inaweza, ila haijaamriwa kutunza ya kwake.

La tatu linawahusu wanafunzi. Wazee walioijua Arusha ya mwaka 1970 wanapungua. Wapo waliocheza dansi, waliouza tiketi, waliokodisha vyombo. Tasnifu moja ya shahada ya kwanza, iliyofanywa kwa daftari na kinasa sauti katika Kaloleni, Ngarenaro na Unga Limited, inaweza kuokoa kile ambacho hakuna mkutano wa kilele utakaokiokoa. Na aliye na shauku ya muziki wa leo ataona mfululizo mwenyewe. Kundi la X Plastaz, lililochanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai hapahapa Arusha, lilitolewa albamu yake ya «Maasai Hip Hop» mwaka 2004 na kampuni ya Ujerumani. Zaidi ya miaka 30 baada ya ndugu wa Kinyonga kuondoka, msanii wa Arusha bado alihitaji mashine ya nchi nyingine ili sauti yake isipotee.

Wapo watakaosema kwamba katika nchi yenye uhaba wa dawa na madawati, gitaa la marehemu ni anasa. Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini naikataa. Taifa linalojua kuhesabu madawati na lisilojua kutaja jina la aliyeifundisha Afrika Mashariki kusikilizana kwa nyuzi sita, litakuwa na madarasa yaliyojaa na cha kufundisha kikiwa kimepungua. Wilson Peter Kinyonga hakuandika azimio. Alifanya kazi yake kwa usafi, kwa ufupi na kwa kuwasikiliza wenzake. Kwa watu wa mji unaojivunia maazimio, hilo peke yake linatosha kuwa somo.